Kamba ya Mbele na Kamba ya Nyuma ya Jiko

Nyie mnaofua kwa mashine, mnabonyeza halafu mnakwenda kuchezea simu mpaka ipige kengele, kaeni niwaambie habari ya kamba. Hamjaniuliza, najua. Nawaambia kwa sababu juzi nilipita mbele ya ile resti hausi ya serikali hapa Mpanda, nilipofua na kupiga pasi nguo za wakubwa mpaka mgongo ukakataa, nikaona shati la chama limeanikwa upande wa barabarani. Linapepea kama bendera. Nikasimama. Mlinzi akaniuliza, "Bibi, unamtafuta nani?" Nikamwambia, "Namtafuta aliyeanika lile." Akacheka. Akadhani nimelipenda.

Rangi yake siitaji. Nikiitaja mtasema nimetaja chama, na mimi nimefua nguo za vyama vyote, na zote zinachuja.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Kasonso, mtunza nyumba, mtu wa Usevya. Alikuwa mfupi, mkali, na kofia yake ya sufi haikutoka kichwani hata jua la mwezi wa kumi. Siku ya kwanza hakunionyesha sabuni wala pasi. Alinionyesha kamba mbili. Ya mbele ilitazama barabara inayokwenda sokoni, na hapo tulianika mashuka, mataulo, mashati meupe na kaunda suti. Ya pili ilikuwa nyuma ya jiko, kwenye moshi na kuku. Hapo tulianika nguo za chama. Chama chochote, cha mkubwa yeyote.

"Kwa nini nyuma, mzee?" nikamuuliza.

"Nyumba hii ni ya nani?"

"Ya serikali."

"Serikali ya nani?"

Nikaona ananitega.

"Ya huyo mama anayepita na tenga la viazi," akasema. "Hatujui yeye ni chama gani, wala haituhusu. Akiona nguo ya chama imeanikwa mbele, atajua nyumba imepata mwenyewe. Kesho akiwa na shida hataingia."

Basi. Hakurudia tena. Nami nikaishika kanuni ile kama wengine wanavyoshika rozari.

Sasa kuhusu nguo zenyewe, sikilizeni, maana hili mashine haiwezi kuwaambia. Mashati ya kampeni yanashonwa kwa haraka na rangi ya kitambaa chake haijashika. Ukiletewa jipya, usilitie maji moja kwa moja. Lowesha tambara jeupe, weka kwenye pindo la ndani, kandamiza na pasi. Tambara likitoka na rangi, loweka shati kwenye maji baridi ya chumvi, lilale humo, kisha suuza mpaka maji yawe meupe. Usipofanya hivyo, mvaaji akitoka jasho tu, rangi inahamia kwenye ngozi au kwenye nguo iliyo chini. Na Katavi hii jasho halisubiri mtu ahutubie.

Pasi ya mkaa usiitie makaa yanayotoa cheche. Yapepee nje mpaka yavae majivu, ndipo ufunge. Kitambaa cheusi pigia upande wa ndani, la sivyo kinang'aa makalioni kama kiti cha baiskeli. Kola anzia ncha kwenda katikati, usianzie katikati, utasukuma mkunjo mpaka pembeni na utakaa hapo siku nzima ukikucheka. Na mstari wa mkono wa shati upige mara moja. Ukiupiga mara mbili inakuwa mistari miwili, na mtu mwenye mistari miwili mkononi anaonekana kama amevaa nguo ya kuazima.

Mstari wangu ulikuwa mmoja. Ungeweza kukatia sabuni.

Lakini nani aliujua? Hapo ndipo panapouma. Mpishi wetu, mgeni akishiba, aliitwa sebuleni. "Mama, kuku huyu umemfanyaje?" Mpishi anainama, anacheka, anapewa mkono. Dobi haitwi. Hakuna mkubwa aliyewahi kuuliza kola yangu nani kaipiga. Kola ikiwa mbaya ndiyo unaitwa. Nimesimama dirishani mara ngapi nikimwona mpishi anapeana mikono na watu tunaowasikia redioni, na mimi nimeshika kifungo cha mtu huyohuyo, natafuta uzi wa kufanana nacho. Nilikuwa naona wivu, ndiyo. Mnadhani wazee hatuoni wivu? Tunauona vizuri kuliko nyie, tuna muda.

Ila wivu wa mpishi ulikuwa mdogo. Mkubwa ulikuwa wa wifi yangu.

Wifi yangu Anastazia ameolewa na kaka yangu Gervas, wanalima mahindi kule Litapunga. Hatukuwa na tofauti kubwa, yeye na mimi. Shule tuliacha karibu darasa moja. Lakini yeye ana sauti na ana kimo, na akivaa kanga huwezi kudhani ametoka kupalilia. Chama kikamwona. Akawa mwenyekiti wa akina mama wa kata. Tangu hapo msafara wowote ukija, Anastazia yuko mstari wa mbele, na kila mkubwa anamshika mkono. Akija kulala kwangu mjini ananihesabia: huyu alinishika kwa mikono miwili, yule aliniita kwa jina. Mimi namwekea maji ya kuoga, najibu, "Eeh. Vizuri."

Kaka yangu Gervas naye ni wa chama kingine. Hawagombani. Kadi zao zinalala sanduku moja, chini ya blanketi.

Mwaka mmoja, kampeni zimeshika moto, akaja waziri. Wizara siitaji, na jina pia msinitege. Alikuja na kazi mbili: kufungua bomba la maji Litapunga, kazi ya serikali, na kukiombea kura chama chake, kazi ya chama. Akafikia kwetu. Msaidizi wake, kijana mwembamba mwenye simu mbili, akanikabidhi shati jeupe la kazi na shati jipya la chama, bado lina harufu ya dukani.

"Shikamoo mama. Haya yote mawili kesho asubuhi."

"Marahaba. Hili la chama nililaze kwenye chumvi kwanza. Litachuja."

"Mama, hakuna muda wa chumvi. Suuza, nyoosha, basi."

"Litachuja, mwanangu."

"Mheshimiwa halivai siku nzima, mama. Ni nusu saa tu."

Nikasuuza. Amri ni yake. Lakini kamba ilikuwa yangu. Jeupe nikalianika mbele, la chama nikalianika nyuma ya jiko. Kijana akaona, akanifuata. "Lianike huku mbele, mama, watu walione. Leo wanapita wengi." Nikamwambia nyumba hii haina utaratibu huo. Akasema utaratibu unabadilika. Nikamwambia akabadilishe kwa maandishi, atie muhuri, mimi nitaanika. Akaondoka akibonyeza simu zote mbili.

Halafu akaingia Anastazia. Alikuwa amekuja mjini na akina mama wenzake kumpokea mgeni, kanga mpya, amependeza kweli. Akapita nyuma ya jiko kunisalimia, akaliona shati la chama chake katikati ya kuku.

"Wifi! Mnalifukiza moshi kama nyama?"

"Liko mahali pake."

"Mahali pake ni pale linapoonekana. Au shemeji yako kakutuma?" Shemeji aliyemsema ni huyo Gervas, kaka yangu mwenyewe. Akiwa na hasira na mumewe, humpa watu wengine.

"Sijatumwa na mtu. Waziri ni wa serikali, serikali ni ya wote."

"Na hiyo serikali kaipataje? Aliiokota barabarani? Chama ndicho kilichomtoa. Bila chama angekuwa analima mahindi kama mimi. Sasa leo avue chama, akiweke nyuma ya jiko, aone aibu?"

Nawaambia ukweli, swali lake lilikuwa zuri. Mpaka leo nalijibu nikiwa peke yangu. Waziri ni mtu wa chama, hata akilala. Huwezi kumkataza asiwaombee kura wenzake, kwa sababu huko ndiko alikotoka na huko atarudi. Mimi sikatai kampeni. Ila gari lililomleta, mafuta, kitanda alicholalia, sabuni niliyofulia, ni vya Anastazia na vya Gervas pia. Basi aombe kura, lakini si kwa siku ileile, jukwaa lilelile, amesimama juu ya kitu cha wote. Hayo ndiyo niliyotaka kumwambia. Nikamwambia tu, "Sogea, unanizibia jua."

Kumbe mgeni mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko, yuko na kandambili, anatafuta maji ya moto. Anastazia akapiga goti kabla sijageuka. "Shikamoo Mheshimiwa! Tunakuandalia nguo zako!" Tunakuandalia. Hakuwa ameshika hata kibanio.

"Marahaba, mama. Hongereni sana." Akampa mkono.

Mimi mikono ilikuwa na povu mpaka viwiko. Nikafanya kama tunavyofanya kwetu mkono ukiwa mchafu, nikakunja kiganja nikatoa kifundo cha mkono, anishike hapo. Nikakitoa. Mheshimiwa alikuwa ameshageuka, ameitwa na simu. Kifundo changu kikabaki hewani, kuku wanakitazama.

Anastazia akakiona. Hakucheka. Heri angecheka.

Asubuhi umeme ukakatika, nikapiga pasi ya mkaa. Sikuwahi kupiga vizuri vile. Msaidizi akaniambia nipande gari la mwisho la msafara, nishike lile shati la chama kwenye henga lisikunjike, kwa sababu vumbi la Litapunga mnalijua. Basi nikaenda, mkono juu njia nzima kama mtoto anayejua jibu. Na kichwani nilikuwa na wazo moja tu. Shati liko kwangu. Likitakiwa, mimi ndiye nitakayelipeleka. Safari hii mkono wangu ni mkavu.

Mmeona? Mimi niliyemkatalia kijana kamba ya mbele, nilikuwa naomba kimoyomoyo waziri abadili shati mbele za watu, ili mimi nipande jukwaani. Wivu una kazi zake.

Watu walijaa. Litapunga yote ilikuja na ndoo, wa vyama vyote na wasio na chama. Ndoo zilipangwa mstari mpaka kwenye njia ya ng'ombe, na ya kaka yangu Gervas, ya bluu, ilikuwa karibu kabisa na bomba. Alikuwa ameidamkia. Aliponiona nimeshika shati akaniuliza, "Dada, unauza?" Nikamwambia anyamaze.

Waziri akazungumza vizuri, amevaa koti juu ya shati langu jeupe. Akafungua bomba. Maji yakatoka kwa nguvu, yakamlowesha diwani, watu wakacheka, akina mama wakapiga vigelegele, na kaka yangu alipiga makofi kuliko wote. Niliona kwa macho yangu. Kama waziri angeshuka hapo, akanywa soda, akaenda kuvaa la chama kesho uwanja mwingine, kaka yangu angemsifu mpaka leo.

Lakini waziri akavua koti. Akasema kwenye kipaza sauti, "Haya, ya serikali tumemaliza. Sasa tuje kwenye yetu."

Msaidizi akanipungia mkono. Nikainuka na henga. Nikakanyaga ngazi ya kwanza ya jukwaa, na Anastazia akashuka ya pili.

"Lete wifi, nipande nalo mimi."

"Nimeambiwa mimi."

"Wewe si mwanachama. Utapanda na shati la chama kama nani?"

Nikalishikilia. Yeye akalivuta. Tulivutana kidogo tu, watu wakidhani tunalipokezana kwa heshima. Nikaona mstari wangu wa mkono utaharibika. Nikaachia. Kwa ajili ya mstari, si kwa ajili yake.

Akampelekea. Akamvalisha juu ya lile jeupe. Waziri akampa mkono, wa pili huo, na mpiga picha akawa anapiga. Mimi nimebaki chini na henga tupu.

Ndipo nikasikia sauti ya kaka yangu, si kubwa, "Yetu ya nani?" Akainama akachukua ndoo yake ya bluu, ikiwa tupu, akaondoka. Nyuma yake wakaondoka wengine na zao. Si wote. Ila wa kutosha mpaka mstari wa ndoo ukawa na mapengo kama mdomo wangu sasa hivi.

Kabla sijasahau, lile shati. Nusu saa ikawa mchana mzima, waziri akatoka jasho, na rangi ya chama ikashuka yote kwenye jeupe lililokuwa chini. Jioni kijana akaniletea. Kola, mgongo, makwapa, kote rangi imehama. Nikatia ndimu, nikatia jua, nikatia bluu ya kufulia. Wapi. "Lawama si zako, mama," akasema, na alisema kwa adabu. Waziri akaliacha. Mzee Kasonso alikuwa ameshastaafu, lakini alikuja kuazima panga, akalikuta. Akaligeuza ndani na nje. "Hukutia chumvi?" Nikamwambia sikupewa muda. Akalichana matambara ya kufutia madirisha.

Sasa kaka yangu. Aligoma. Alimwambia mkewe maji ya bomba lile ni ya chama, na hayaingii nyumbani kwake. Hata ya kupikia. Na nani anayechota maji nyumba ile? Gervas? Mwanamke aliyeshikwa mkono na waziri mara mbili akawa anapita mbele ya bomba aliloshuhudia likifunguliwa, ndoo kichwani, anateremka mpaka kisima cha zamani, chenye vyura. Akina mama wenzake wa chama wanachota bombani wanamtazama. Nilipopata habari nilikaa chini nikacheka mpaka nikashika ubavu. Nilipanda basi kwenda kuona kwa macho. Sikupeleka hata sukari.

Nikamkuta anapanda kutoka kisimani. Alikuwa amekonda. Akaweka ndoo chini akaniambia, "Umekuja kucheka, wifi. Cheka."

Nikashindwa. Si kwa huruma sana. Ni kwamba niliona mabega yake yamefanana na yangu.

Jioni nikamkalia kitako kaka yangu. Nikamwuliza, "Ushuru wa mahindi unatoa?"

"Natoa. Wananikamatia njiani, nitaacha?"

"Na ukinunua sabuni, serikali inakata chake humo ndani?"

"Inakata."

"Sasa bomba lile lilinunuliwa na nini?"

Anastazia yuko jikoni, sufuria imetulia, anasikiliza.

"Mbona yeye hakusema hivyo?" kaka akauliza. Na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyenyimwa kitu. "Angesema pale pale, jamani hili bomba ni lenu, hata nyie msionipigia kura. Ningejaza ndoo ya kwanza. Nilikuwa wa kwanza, dada. Niliamka kabla ya jogoo. Halafu akasema yetu."

Kutoka jikoni Anastazia akasema, "Alisema yetu sote."

"Alisema huku anavaa shati lako."

Sufuria ikaanza kukorogwa tena, kwa nguvu.

Asubuhi Gervas akachukua ndoo ya bluu mwenyewe, akaenda bombani mwenyewe, mchana kweupe, kila mtu anamwona. Mtu mmoja akamtania, "Karibu kwetu!" Akamjibu, "Kwenu wapi? Hapa nimelipia." Akajaza. Tangu siku hiyo yeye ndiye anayechota maji nyumba ile, kwa kiburi tu, na Anastazia amekaa. Mnaona? Hata kwenye hilo amefaidi yeye.

Basi nyie mnaofua sasa, kamba ile irudisheni nyuma ya jiko. Mkubwa akija wa chama chochote, hata changu, maana na mimi ninacho, sijawaambia tu. Mkifokewa, fokeweni. Na tieni chumvi.

Ile picha aliyopiga mpiga picha iko ukutani kwa Anastazia, imetiwa kioo. Nikienda Litapunga, kabla ya chai nasimama mbele yake. Wifi yuko katikati, anacheka meno yote, mkono wake umo ndani ya mkono wa waziri. Mimi simo. Lakini mkono wa shati lile, kuanzia begani mpaka chini, una mstari mmoja, umenyooka. Mwaka huu nilikuwa nimeusimamia hivyo, nikahisi mtu nyuma yangu. Gervas. Akanyoosha kidole kwenye pembe ya picha, chini kabisa, ambako kuna kipande cha kitu cha bluu na kiganja cha mtu aliyeshageuka.

"Huyo ni mimi," akasema.

Tukaitazama wote wawili mpaka Anastazia akatuita chai ipo mezani, inapoa.

"Tunakuja," nikamwambia. Sikuondoka.

"Kioo chako kina vumbi, wifi," nikasema. "Lete tambara."

Akaleta. Nikaifuta mwenyewe, upande wa mkono wa shati kwanza, na pembe ya kaka yangu. Katikati nikamwachia mwenyewe.